Chafya Zisizokwisha: Dawa za Nyumbani na Mti wa Mathenge

Mtu akipiga chafya husema Alhamdulillahi, naye aliye karibu humuombea rehema. Lakini yuko anayepiga chafya kumi mfululizo kila alfajiri, pua yachuruzika maji, macho yawasha, na homa hana. Mafua ya kawaida huisha kwa wiki moja au mbili. Haya yakiendelea kwa miezi, huenda ni mzio wa pua.

Vijana wetu wanaokwenda kufanya kazi Lodwar, Kakuma na hata Kaaleng, Turkana Kaskazini, hupiga simu nyumbani kuuliza dawa. Kabla ya dawa, tujue adui. Huko kuna vumbi, na kuna chavua ya mathenge. Mti huu uliletwa Kenya mwaka 1973 ukapandwa hapa hapa kwetu, kwenye machimbo ya Bamburi. Miaka ya 1980 ukapandwa Turkana, Baringo na Tana River kuzuia jangwa, kisha ukasambaa wenyewe. Chavua yake inajulikana kuleta mzio hata Kuwait na Imarati. Basi watu wa Hola na Bura, nanyi mmo.

Sasa tupime dawa zetu.

Maji ya chumvi. Hii ndiyo bora. Chemsha maji, yaache yapoe yawe vuguvugu, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi katika robo lita. Inama juu ya beseni, pumua kwa mdomo, mimina taratibu tundu moja la pua yatokee la pili. Usitumie maji ya kisima au ya bomba yasiyochemshwa. Yaweza kuingiza vijidudu vya hatari.

Kujifukiza. Mvuke wa mwarobaini au mkaratusi hufungua pua kwa muda tu, hauondoi mzio. Mtoto asifunikwe shuka juu ya sufuria. Wengi huungua kwa njia hiyo.

Habasoda. Imesifiwa katika hadithi, na tafiti ndogo zimeonyesha nafuu kiasi. Itumie kwa kula, usitie mafuta yake puani bila ushauri. Mjamzito na anayetumia dawa za sukari au presha aulize daktari kwanza.

Udi na ubani. Harufu yake twaipenda, lakini moshi ni moshi. Mwenye mzio humzidishia.

Kinga haina gharama: jifunge kilemba au leso puani upepo ukivuma, pangusa vumbi kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia, oga kabla ya kulala, na mathenge ulio karibu na dirisha ukatwe.

Yakishindikana, duka la dawa lina cetirizine na loratadine, ambazo hazilevyi usingizi kama piriton. Dawa ya kupuliza ya kuzibua pua isizidi siku tano, maana ikizoeleka pua huziba zaidi. Ile ya steroidi hutumika kila siku kwa maelekezo ya daktari.

Ukisikia kifua kinabana, kinapiga filimbi, au pumzi inakata usiku, hiyo yaweza kuwa pumu. Hapo hakuna nyungu wala habasoda. Nenda hospitali usiku huo huo. Pumu huua, na mara nyingi huanza kwa chafya tulizozizoea.