Yes: Bendi Iliyosimama juu ya Besi

Mwanzoni mwa Agosti 1968, kwenye kambi ya vijana ya East Mersea, Essex, vijana watano wa Kiingereza walipanda jukwaani kwa mara ya kwanza kwa jina la Yes. Mwimbaji Jon Anderson na mpiga besi Chris Squire walikuwa wamekutana miezi michache kabla katika baa ya La Chasse, Soho, London, wakajikuta wote ni wapenzi wa Simon na Garfunkel na wa nyimbo za sauti kadhaa. Pamoja nao walikuwa Peter Banks wa gitaa, Tony Kaye wa kinanda na Bill Bruford wa drams. Katika watano hao, ni Squire peke yake aliyepiga kwenye kila albamu ya studio hadi alipofariki Juni 27, 2015. Wenzake walitoka, baadhi wakarudi, wakatoka tena.

Squire alizaliwa Kingsbury, London, mwaka 1948, akakulia kwenye kwaya ya kanisa. Besi yake aina ya Rickenbacker aliinunua 1965, akiwa mfanyakazi wa duka la vyombo vya muziki la Boosey & Hawkes, ambako wafanyakazi walipunguziwa bei. Baadaye alikuwa na besi nyingine nyingi, lakini aliyeijua hii hakuhitaji kuuliza nani anapiga. Sauti nzito ya besi aliipeleka kwenye amplifaya moja, ikatoka safi. Ile kali akaipeleka kwenye nyingine, ikatoka na mkwaruzo. Hakupiga kwa vidole vitupu kama wengi, bali kwa kijibamba cha plastiki, huku kidole gumba kikiugusa uzi kidogo, noti ikatoka na ncha. Hivyo besi ikaweza kubeba mzigo wa chini na papo hapo kujibizana na gitaa la solo.

Albamu mbili za mwanzo, za 1969 na 1970, ni za watu wanaojitafuta. The Yes Album (1971) ilimleta Steve Howe kwenye gitaa, na mwaka huohuo Fragile ikamleta Rick Wakeman kwenye vinanda. Anayetaka kumwelewa Squire aanzie hapo. Sikiliza “Heart of the Sunrise”: baada ya vurugu ya mwanzo wote wananyamaza, anabaki yeye na Bruford. Besi inanyata taratibu, drams zinaikwepa, kinanda kinapanda kwa mbali kama ukungu. Kwenye “The Fish” alirekodi besi juu ya besi mpaka kibao kikajaa. Samaki ndilo jina walilomtania wenzake, kwa jinsi alivyokaa bafuni muda mrefu.

Close to the Edge (1972) ina vibao vitatu tu, cha kwanza kikijaza upande mzima wa santuri. Ilirekodiwa vipande vipande, fundi mitambo Eddie Offord akiunganisha kanda. Kwangu hicho ndicho kilele chao. Ilipokamilika Bruford akahamia King Crimson, na Alan White akapewa siku tatu kujifunza nyimbo zote kabla ya ziara ya Marekani. Tales from Topographic Oceans (1973) ilikuwa santuri mbili kwa vibao vinne; moja ingetosha, na Wakeman mwenyewe alichoka akaondoka. Alirudi kwenye Going for the One (1977), akapiga kinanda cha kanisa mjini Vevey, Uswisi, sauti ikisafiri kwa nyaya za simu hadi studio ya Montreux.

Drama (1980) ilifanyika bila Anderson wala Wakeman. Wengi waliisusa, na walipoteza: besi ya “Tempus Fugit” haina mfano. Mwaka uliofuata bendi ilivunjika. Squire na White wakaanza upya na Trevor Rabin, mzaliwa wa Johannesburg. Jina la Yes likarudi na 90125 (1983), na “Owner of a Lonely Heart” ikashika namba moja Marekani Januari 1984. Mwaka 1989 wanabendi wanne wa zamani walipoungana upya, ilibidi watumie majina yao ya ukoo, maana jina la bendi lilikuwa kwa Squire na wenzake.

Bendi ilipoingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame mwaka 2017, Geddy Lee wa Rush ndiye aliyepiga besi ya “Roundabout”. The Quest (2021) ikawa albamu ya kwanza bila Squire. Besi ilishikwa na Billy Sherwood, ambaye Squire mwenyewe alimtaka ashike nafasi yake alipoanza kuugua.