JE, IMANI KWA MUNGU YAHITAJI USHAHIDI?

Utangulizi

Swali lililo juu ya makala haya si geni. Limeulizwa misikitini na makanisani, vyuoni na barazani, na mwalimu aliyepata kufundisha insha za hoja katika madarasa ya juu hakosi kulikuta katika madaftari ya wanafunzi wake. Aghalabu mjadala wake huishia mahali palepale. Upande mmoja hudai, "Tuonyesheni ushahidi," na upande wa pili hujibu, "Imani haitaki ushahidi." Kisha kila mtu huenda zake na lile alilokuja nalo. Katika makala haya tutajaribu kueleza kwa ufupi jinsi swali hili lilivyojadiliwa katika vipindi vichache vya historia, toka Baghdad ya karne ya 11 mpaka Afrika Mashariki ya siku zetu, ili tuone kwa nini pande hizo mbili hupishana. Hatukusudii kumtoa mtu katika dini yake, wala kumtia katika dini nyingine.

Hapana budi tuanze na lugha. Kitenzi kuamini twakitumia kwa namna mbili. Twasema, "Naamini kwamba mvua itanyesha," na hapo kitenzi kimefuatwa na kishazi chenye habari, ambayo huweza kuwa kweli au uongo. Twasema pia, "Namwamini mama yangu," na hapo kitenzi kimechukua kiambishi cha mtendwa; hatuzungumzii habari tena, bali tegemeo. Maana hii ya pili ndiyo iliyo karibu na amana na uaminifu, maneno yaliyotoka katika shina moja la Kiarabu pamoja na imani. Mwenye kuamini kwamba mvua itanyesha huulizwa dalili, na wahenga wamekwisha kutuambia kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mtoto anayemwamini mama yake, nani amdaie dalili? Msomaji azishike namna hizi mbili, kwani tutazirejea.

Wanavyuoni wawili wa Kiislamu

Abu Hamid al-Ghazali, ambaye jina lake si geni kwa wanavyuoni wa pwani yetu, alizaliwa Tus, katika Uajemi, mwaka 1058. Mwaka 1091 aliwekwa kuwa mwalimu wa chuo mashuhuri cha Nizamiyya, Baghdad. Katika kitabu alichoandika miaka ya mwisho ya maisha yake, alisimulia jinsi alivyoitafuta yakini, yaani elimu isiyoweza kutiwa shaka. Alianza kwa kuzihoji hisi zake. Jicho hukiona kivuli kimesimama, kumbe kinasogea kidogo kidogo. Huiona nyota ndogo kama dinari, na hesabu za wanafalaki zaonyesha kwamba ni kubwa kuliko dunia. Basi ikiwa akili imezikosoa hisi, nani ajuaye kwamba hakuna kitu kingine kitakachoikosoa akili? Shaka hiyo ilimkaa karibu miezi miwili. Asema kwamba hakuponywa na hoja iliyopangwa, bali na nuru aliyoitia Mwenyezi Mungu kifuani mwake. Mwaka 1095 aliiacha kazi yake na sifa zake, akatoka Baghdad, akashika njia ya Kisufi.

Hata hivyo al-Ghazali hakuidharau hoja, maana aliwapinga wanafalsafa kwa hoja tupu. Aliyemjibu ni Ibn Rushd wa Cordoba, kadhi na tabibu, aliyeishi kati ya mwaka 1126 na 1198. Yeye alishikilia kwamba sheria yenyewe yawaamuru wenye uwezo wavichunguze viumbe kwa akili, kwa kuwa kitu kilichoundwa ni dalili ya muundaji wake. Lakini aliongeza kwamba watu hawasadiki kwa njia moja: wako wanaosadiki kwa burhani, wako wanaosadiki kwa mjadala, na wako wanaosadiki kwa mawaidha. Hivyo, kabla ya karne ya 12 kwisha, ilikwisha kufahamika kwamba ushahidi si wa namna moja, wala wanaousikiliza si wa namna moja.

Meli ya Clifford

Swali hili lilipata ukali mpya katika Uingereza ya karne ya 19. Mwaka 1869 kilianzishwa London chama cha mijadala ya falsafa, ambacho kilidumu mpaka mwaka 1880. Ndani yake walikaa pamoja watu wasiopatana hata kidogo: Manning, askofu mkuu wa Kikatoliki, Gladstone, mwanasiasa, na Huxley, mwanasayansi aliyebuni neno la kumwita mtu asemaye kwamba hajui kama Mungu yuko au hayuko. Mwaka 1876 alisimama mbele yao kijana William Kingdon Clifford, profesa wa hisabati, akasoma insha juu ya maadili ya kuamini. Ilichapishwa mwaka 1877.

Clifford alianza na kisa. Mwenye meli ana meli kuukuu inayotaka kuchukua wahamiaji pamoja na jamaa zao. Aingiwa na wasiwasi kwamba haifai tena kwenda baharini. Badala ya kuikagua, aituliza nafsi yake: meli hii imekwisha kupita tufani nyingi, tena Mungu hawezi kuziacha familia hizi zote zipotee. Kidogo kidogo wasiwasi wamtoka, naye aamini kwa moyo safi kwamba meli ni salama. Meli yazama katikati ya bahari, na mwenyewe apokea fidia ya bima. Je, ana hatia? Clifford asema ana hatia ya vifo vile, japo aliamini kwa dhati, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini hivyo kwa ushahidi aliokuwa nao. Na lau meli ingefika salama, hatia yake isingepungua, bali isingegunduliwa tu.

Aliyesema hayo aliyajua mambo ya bahari. Mwaka 1870 alikuwa katika msafara wa kwenda kutazama kupatwa kwa jua, na meli yao ikavunjika karibu na Sicily, watu waliokoka. Clifford alikuwa mshika dini sana alipokuwa mwanafunzi Cambridge, kisha akaiacha imani hiyo. Alifariki mwaka 1879, akiwa na umri wa miaka 33.

Yafaa tuangalie hoja yake ilivyojengwa. Clifford hakusema tu kwamba mwenye kuamini bila ushahidi huenda akakosea. Alisema kwamba anawakosea wenziwe. Imani ya mtu mmoja si mali yake pekee, kwa kuwa huzaa matendo, na matendo huwapata wengine. Kutokana na hayo alikata shauri kwamba ni kosa daima, mahali popote na kwa mtu yeyote, kuamini jambo bila ushahidi wa kutosha. Hapo aliitoka meli na kuingia katika kila imani, hata ile ya mzee anayesali peke yake usiku.

Jibu la James

Jibu lililopata umaarufu lilitoka Marekani mwaka 1896. William James, aliyesomea utabibu kisha akafundisha saikolojia na falsafa katika Chuo Kikuu cha Harvard, aliwahutubia wanafunzi wa falsafa juu ya hiari ya kuamini. James hakusema kwamba mtu yuko huru kuamini lolote alipendalo. Alieleza kwamba wajibu wa mwenye akili ni wa namna mbili: kuutafuta ukweli na kuuepuka uongo. Wajibu hizi mbili hufanana, lakini si moja. Anayeogopa uongo kupita kiasi atakataa kila jambo asilolithibitisha, na huenda akaukosa ukweli uliokuwa mlangoni kwake. Twaweza kusema kwamba Clifford alishika methali isemayo haraka haraka haina baraka, na James akamkumbusha kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo.

Kisha James aliweka masharti. Hiari hiyo yafaa tu pale ambapo akili haiwezi kuamua kwa ushahidi uliopo. Tena uamuzi wenyewe hauna budi uwe hai, yaani pande zote mbili ziwe na mvuto kwa anayeamua. Uwe wa lazima, yaani kutochagua kuwe ni namna ya kuchagua. Na uwe mzito, si jambo dogo lisilo na hasara. Alitoa mfano wa urafiki. Mtu asiyekubali kumpenda mwenziwe mpaka athibitishe kwanza kwamba anapendwa, hatapata rafiki kamwe, kwa sababu ushahidi wa urafiki huja baada ya kuaminiana. Huenda mambo ya Mungu yakawa hivyo pia.

Hapa msomaji ataona tofauti tuliyoianzia. Clifford alizungumzia kuamini kwamba: meli ni nzima au si nzima. James alivutwa na kumwamini: rafiki hujulikana kwa kutegemewa. Lakini tusidhani kwamba tofauti hiyo yamaliza ugomvi. Mtoto humwamini mama yake kwa kuwa mama yuko mbele yake. Mtu hawezi kumtegemea yule asiyedhani kwamba yuko. Kwa hiyo ndani ya kila kumwamini mna kuamini kwamba, na mwenye shaka ana haki ya kuuliza habari zake.

Mjadala wa Afrika Mashariki

Wakati James anatoa hotuba yake, wamisionari walikwisha kuingia katika nchi zetu, nao walileta swali hilo kwa sura nyingine. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, Kenya, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Makerere kati ya mwaka 1964 na 1974, alichapisha mwaka 1969 kitabu chake juu ya dini na falsafa za Kiafrika, na mwaka 1970 kingine juu ya fikira za Mungu kutoka karibu makabila 300. Mbiti alishikilia kwamba Mwafrika hakungoja mgeni amthibitishie kuwako kwa Mungu. Waakan wa Ghana wana methali kwamba hakuna anayemwonyesha mtoto Mungu, yaani mtoto amjua bila kufundishwa. Miaka kadhaa baadaye, mwaka 1983, mwanafalsafa Mmarekani Alvin Plantinga alitoa hoja iliyo karibu na hiyo: kwamba imani kwa Mungu yaweza kuwa msingi halali wa fikira bila kuegemezwa juu ya hoja nyingine.

Aliyempinga Mbiti alikuwa mwenzetu wa Gulu, mshairi na mwanazuoni Okot p'Bitek, aliyefariki mwaka 1982. Katika kitabu chake juu ya dini za Kiafrika katika maandishi ya wataalamu wa Magharibi, alisimulia kisa kinachowahusu sana walimu wa lugha. Mwaka 1911 mapadri wa Kiitaliano waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Lugha yao haikuwa na neno la kuumba kwa maana ile, basi swali likageuka kuwa: ni nani aliyewafinyanga? Wazee wakajibu kwamba hawajui. Mapadri wakashikilia wapate jibu. Ndipo mzee mmoja alipokumbuka kwamba mtu aliyezaliwa mzima huweza kupatwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo, akapinda na kupoteza umbo lake, na maradhi hayo huletwa na Rubanga. Akasema kwamba Rubanga ndiye awafinyangaye watu. Jina hilo likachukuliwa kuwa jina la Mungu Muumba.

Kisa hiki hakithibitishi kwamba Mungu yuko, wala kwamba hayuko. Chathibitisha kwamba kabla ya kudai au kutoa ushahidi, yapasa tujue twazungumza juu ya nani. Jibu lililopatikana kwa kumshurutisha shahidi si ushahidi, hata likiandikwa vitabuni kwa miaka mia.

Kanungu na Shakahola

Mtu aweza kusema kwamba haya yote ni mazungumzo ya wasomi. La hasha. Tarehe 17 Machi mwaka 2000, huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, mamia ya wafuasi wa kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea katika nyumba yao ya ibada. Baadaye ikafukuliwa miili mingine mingi katika nyumba nyingine za kundi hilo. Walikuwa wamehubiriwa kwamba mwisho wa dunia umefika. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Wengi walikuwa watoto, ambao hawakuchagua lolote.

Hii ndiyo meli ya Clifford. Kwa maneno yao, watu hawa walimwamini Mungu. Kwa vitendo, walimwamini mtu aliyewaambia kwamba Mungu amesema jambo fulani, siku fulani. Habari ya namna hiyo huchunguzika. Tarehe ya mwisho wa dunia hufika ikapita. Mwili wa mtoto asiyekula hutoa ushahidi kila asubuhi. Hata kwa masharti ya James imani hiyo haikuwa na ruhusa, kwa sababu hiari yake ni ya mtu juu ya nafsi yake, tena pale tu ambapo ushahidi haupo.

Hitimisho

Tumeona kwamba swali letu ni maswali mawili yaliyovaa kanzu moja. La kwanza ni kama mtu aweza kumtegemea Mungu bila burhani. Al-Ghazali, James na Mbiti, kila mmoja kwa njia yake, walijibu kwamba aweza, Clifford alikataa, na historia haijatoa hukumu. La pili ni kama mtu aweza kudai kuaminiwa na wengine kwa jina la Mungu bila kutoa ushahidi. Hapo hatuoni kwa nini Clifford asipewe ushindi, na hata mcha Mungu ana sababu ya kumpa, maana jina analoliheshimu ndilo linalotumiwa.

Basi mwanafunzi akiandika kwamba imani haitaki ushahidi, tusimkatie alama wala tusimsifu upesi. Tumwulize: wazungumzia kuamini kwamba, au kumwamini? Na ukisema kumwamini, ni kumwamini nani: Mungu, au yule asemaye kwamba ametumwa naye? Akiweza kujibu swali hilo, amejifunza sarufi, na huenda siku moja sarufi hiyo ikamzuia asipande meli mbovu.