Kazi Aliyoiacha Marehemu: Historia Fupi ya Bendi ya Queen

Novemba 6, 1995, bendi ya Queen ya Uingereza ilitoa albamu yake ya 15 ya studio, Made in Heaven. Mwimbaji na mwasisi wake, Freddie Mercury, alikuwa amefariki karibu miaka minne kabla, lakini sauti inayoongoza albamu hiyo ni yake. Miongo mitatu baadaye, tunaikumbuka kwa sababu inaonyesha jinsi kundi la watu wanne lilivyogeuka taasisi.

Historia hii inaanzia karibu na kwetu. Freddie alizaliwa Zanzibar, katika Mji Mkongwe, Septemba 5, 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, India, na baba yake alikuwa keshia katika utumishi wa serikali ya kikoloni. Kijana alipelekwa shule ya bweni huko Panchgani, India, na akiwa huko alijifunza piano na kuingia bendi yake ya kwanza. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, familia ilihamia Feltham, magharibi mwa London.

Mwaka 1970 alijiunga na mpiga gitaa Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor, ambao bendi yao ya Smile ilikuwa imevunjika. Ni Freddie aliyelichagua jina la Queen. Mpiga besi John Deacon aliingia mwaka 1971, na albamu ya kwanza ikatoka 1973.

Gitaa la May lilitengenezwa nyumbani. Alianza kuliunda mwaka 1963 pamoja na baba yake, Harold. Shingo ya gitaa hilo ilichongwa kutoka kwenye ubao mkuukuu wa mahali pa kuotea moto. Ubao ulikuwa umetobolewa na wadudu, nao wakaziba matundu kwa njiti za kiberiti. Springi zilitoka kwenye pikipiki kuukuu, na vidoti vyeupe vya shingoni vilikuwa vifungo vya nguo za mama yake. Gitaa hilo linasikika katika albamu zote za Queen.

Wapenzi wa hevi metali wanaidai Queen kuwa yao pia. Wimbo Stone Cold Crazy wa mwaka 1974 ulikuwa na kasi na ukali ambao bendi za metali zilikuja kuutegemea miaka mingi baadaye. Metallica waliurekodi upya mwaka 1990 na ukawapa tuzo ya Grammy. Mwaka 1975 ulikuja Bohemian Rhapsody, uliokaa kileleni mwa chati za Uingereza kwa wiki 9. Julai 13, 1985, uwanjani Wembley, Queen walipanda jukwaa la Live Aid, tamasha la kuchangia walioathirika na njaa ya Ethiopia. Kwa takriban dakika 20 uwanja mzima ulikuwa mikononi mwa mtoto wa Zanzibar.

Wakati huo UKIMWI ulikuwa unavuna watu kote duniani. Kwetu Afrika Mashariki, Philly Lutaaya wa Uganda alijitokeza hadharani mwaka 1989 na kusema anaugua, akafariki Desemba mwaka huohuo. Freddie alilificha gonjwa lake karibu hadi mwisho. Alitoa tangazo Novemba 23, 1991, na kesho yake akaaga dunia akiwa na umri wa miaka 45.

Lakini alikuwa amefanya kazi hadi nguvu zilipomwishia. Mwezi Mei 1991, katika studio ya bendi huko Montreux, Uswisi, alikuwa akirekodi wimbo Mother Love, ambao alikuwa akiuandika na May. Aliimba ubeti baada ya ubeti, akapandisha sauti hadi juu kabisa. Ulipobaki ubeti wa mwisho, alisema amechoka na kwamba angerudi kuumalizia. Hakurudi. Katika albamu, ubeti huo unaimbwa na May, na msikilizaji anasikia wazi pale sauti ya rafiki inapopokea sauti ya marehemu.

Aprili 20, 1992, wenzake walifanya tamasha la kumbukumbu Wembley, ambako Metallica, Guns N' Roses na Def Leppard walitumbuiza. Kisha wakarudi kwenye kanda alizoziacha Freddie. Taylor na Deacon walianza, May akaungana nao baadaye, na mtayarishaji David Richards akaunganisha vipande. It's a Beautiful Day ulitokana na piano na sauti ambazo Freddie alizirekodi mwaka 1980. I Was Born to Love You ulitoka kwenye albamu yake binafsi ya 1985, bendi ikaupigia ala upya. A Winter's Tale aliuandika mwenyewe akiwa Montreux, mbele ya ziwa. Albamu ilifika namba moja Uingereza.

Deacon alistaafu mwaka 1997. May na Taylor wameendelea na waimbaji wengine, Paul Rodgers na kisha Adam Lambert, bila kudai kwamba yeyote kati yao ni Freddie mpya.

Linganisha na Simba Wanyika, bendi iliyoanzia Mombasa mwaka 1971 mikononi mwa ndugu Wilson na George Kinyonga, wazaliwa wa Tanga. George alifariki mwaka 1992 na Wilson mwaka 1995, na bendi ikafika mwisho. Nyimbo zao bado zinapendwa, ila hapakuwa na wa kuketi mezani na kuikamilisha kazi waliyoiacha.

Sisi wa Mikinduri, huku Meru nchini Kenya, tunaelewa jinsi kazi inavyoweza kuendelea baada ya kifo. Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Ameru lenye makao yake Nchiru, halivunjiki mzee anapofariki. Maneno yake hukumbukwa, na waliobaki huendelea na shauri. Queen walifanya vivyo hivyo kwa sababu mbili: vipande vya kanda vilikuwa vimehifadhiwa, na wenzake Freddie walikubali kukesha navyo.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa bendi na kwaya zetu, kuanzia Mikinduri na Maua hadi Embu. Rekodini nyimbo zenu wakati nyote mko hai, hata zile ambazo hazijakamilika. Andikeni nani aliimba, nani alipiga gitaa, na tarehe. Wekeni nakala mahali zaidi ya pamoja. Siku mwenzenu atakapoondoka, mtakuwa na kitu cha kumalizia.