Somo la Historia: Tumrithishe Mtoto Jina la Zamani?

Sogeeni karibu na redio, na kila mmoja awe na daftari na kalamu yake. Na wewe unayelisoma somo hili kitabuni, soma polepole. Ukifika penye swali, simama kidogo ufikiri, kisha uendelee.

Hebu kumbukeni siku ya kwanza mlipoingia darasani. Mliandika neno gani kwanza? Wengi wenu mliandika majina yenu. Neno hilo hukulichagua wewe. Ulipewa na wengine, kabla hujajua kusema. Leo tutauliza majina yetu yametoka wapi, na kama ni vema kumpa mtoto mchanga jina la zamani ambalo watu wameliacha.

Swali hili si la mchezo. Tuseme nyumbani kwako amezaliwa mtoto wa kike. Bibi yake mzaa baba anasema, "Mtoto huyu achukue jina la marehemu mama yangu. Aitwe Mtumwa." Mama wa mtoto ananyamaza, lakini moyoni hataki. Baba yuko katikati. Akikataa, amemvunjia heshima mama yake mzazi. Akikubali, binti yake atakwenda shule na jina ambalo wenzake watalicheka. Nani ana haki? Kabla ya kujibu, tutazame mambo yaliyopita.

Majina yana majira yake

Tangu zamani watu wa nchi zetu wamewapa watoto majina kwa kufuata mambo yaliyotokea. Aliyezaliwa Ijumaa aliitwa Juma. Aliyezaliwa mwezi wa mfungo aliitwa Ramadhani. Aliyezaliwa wakati wa mvua kubwa aliitwa Masika. Wazazi waliokuwa katika dhiki walimwita mtoto Tabu, Shida au Mashaka. Na nchi zetu zilipokaribia kujitawala, wako watoto walioitwa Uhuru. Mmoja wao ni Uhuru Kenyatta, aliyezaliwa mwaka 1961, miaka miwili kabla Kenya haijapata uhuru wake. Mwaka 2013 akawa Rais wa nchi hiyo.

Mambo yakipita, majina nayo huchakaa. Lakini iko njia ya kuyahifadhi, nayo ni mjukuu kupewa jina la babu au bibi. Kwa desturi ya Wakikuyu wa Kenya, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili hupewa jina la babu mzaa mama. Basi mtu hufa, lakini jina lake huendelea kuitwa uani. Ni kama mnyororo, pete moja imeshika nyingine.

Sasa shikeni jambo hili: mnyororo huo waweza kukatwa. Katika pwani yetu ulikatwa kwa maelfu ya watu, na ndiyo sababu baadhi ya majina ya wazee wetu yana uzito mpaka leo.

Watu walionyang'anywa majina

Katika karne ya 19 Unguja ilikuwa soko kubwa la watumwa. Wengi walitekwa bara, hasa katika nchi zinazozunguka Ziwa Nyasa. Walitembezwa kwa miguu mpaka Kilwa, na kutoka huko walipakiwa katika majahazi. Wengine walibaki Unguja na Pemba kufanya kazi katika mashamba ya mikarafuu. Wengine walivushwa bahari mpaka Arabuni na kwingineko.

Mtu aliyeuzwa alipoteza nchi yake na jamaa zake. Mara nyingi alipoteza na jina lake pia. Bwana wake alimpa jina jingine. Na majina mengi kati ya hayo yalikuwa mazuri kwa kuyasikia. Mabruki, maana yake ni aliyebarikiwa. Baraka, mnalijua. Almasi na Feruzi ni mawe ya thamani. Farjala ni faraja itokayo kwa Mungu. Mtu angeweza kudhani kwamba hao walipendwa sana! Lakini fikirini mwenye jahazi aandikavyo jina la heri ubavuni mwa chombo chake. Heri anayoitaka ni ya nani? Ni yake yeye mwenye chombo.

Hapa nawatahadharisha. Si kila aliyeitwa Baraka au Almasi alikuwa mtumwa. Hata jina la Juma lilitumiwa na waungwana na watumwa vilevile. Kwa hiyo msimtazame jirani yenu kwa jina lake tu mkasema mmejua asili yake.

Tuchukue mfano wa mtu mmoja. Yapata mwaka 1820 alizaliwa mtoto mmoja katika nchi ya Wayao. Alipokuwa bado mdogo alitekwa, akapelekwa Kilwa, akauzwa. Bwana wake alimchukua mpaka India. Baada ya miaka mingi bwana huyo alikufa, naye akawa huru, akarudi Unguja. Historia inamwita Sidi Mubarak Bombay. Tazameni jina hilo. Sidi ndivyo watu wa India walivyowaita watu wenye asili ya Afrika. Mubarak ni neno la Kiarabu, maana yake ni ile ile ya Mabruki. Bombay ni mji wa India. Katika maneno matatu hakuna hata moja la Kiyao. Jina alilopewa na mama yake halimo.

Hata hivyo mtu huyu alifanya makubwa. Mwaka 1857 alifuatana na Waingereza wawili, Burton na Speke, mpaka Ziwa Tanganyika. Kisha alisafiri na Speke na Grant mpaka Uganda na Misri. Mwaka 1871 alikuwa pamoja na Stanley katika safari ya kumtafuta Livingstone. Na kuanzia mwaka 1873 alifuatana na Cameron kutoka Bagamoyo mpaka bahari ya magharibi. Mwaka 1876 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza kilimpa nishani ya fedha. Alikufa mwaka 1885. Jina alilopewa utumwani yeye mwenyewe alilitukuza kwa kazi yake.

Katika safari ile ya mwaka 1857 alikuwako mwenzake, naye aliitwa Mabruki. Vitabu vya wasafiri vinamwita Mabruki Speke. Livingstone alipokufa mwaka 1873, mmoja wa watu walioutengeneza mwili wake ili uweze kuchukuliwa mpaka pwani alikuwa Farjala. Huyu aliwahi kumtumikia daktari mmoja wa Unguja, naye anajulikana kama Farjala Christie. Je, mmeona? Speke na Christie si majina ya baba zao. Ni majina ya Wazungu waliowatumikia. Mtu aliyekatiwa mnyororo wa ukoo alitajwa kwa jina la mkubwa wake wa kazi.

Siku za kuvua majina

Utumwa haukuisha siku moja. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kukataza kuwasafirisha baharini. Lakini waliokwisha kuwa watumwa walibaki watumwa. Mwaka 1897 ilitoka sheria nyingine iliyowawezesha watumwa wa Unguja na Pemba kudai uhuru wao mbele ya serikali. Pwani ya Kenya sheria kama hiyo ilikuja mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922.

Basi watu walipopata uhuru walifanya nini? Walitaka waonekane kuwa huru. Zamani mwanamke mtumwa hakuruhusiwa kujifunika kichwa kama waungwana. Sasa alivaa kanga, na baadaye buibui. Wengi walibadili na majina yao, maana jina lilikuwa kama alama usoni. Watu walipolisikia waliuliza, "Huyu alikuwa wa nani?" Kwa hiyo watoto wao waliitwa Ali, Muhammad, Fatuma na Khadija. Majina ya akina Mabruki na Farjala yakaanza kupungua.

Mfano mkubwa wa jambo hili ni mwimbaji Siti binti Saad. Alizaliwa yapata mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, Unguja. Baba yake alikuwa Mnyamwezi, na mama yake Mzigua. Walikuwa maskini, na yeye hakupata kwenda shule. Alipokuwa kijana alifinyanga vyungu na kuvichukua mjini kuviuza. Je, mnajua wazazi wake walimwita nani? Walimwita Mtumwa. Mtumwa binti Saad.

Yapata mwaka 1911 alihamia mjini, akajifunza uimbaji wa taarabu. Sauti yake ikawavuta watu, wakubwa kwa wadogo. Huko mjini ndiko alikopewa jina la Siti, maana yake bibi mwenye heshima. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, nyimbo zake zikatiwa katika sahani za santuri, na watu wa pwani yote wakanunua. Alikufa mwaka 1950. Mwandishi Shaaban Robert aliandika maisha yake katika kitabu. Jina la kuzaliwa aliliacha nyuma, lakini jina la baba yake hakuliacha. Mpaka mwisho alikuwa binti Saad.

Tufanye nini basi?

Sasa turudi kwa yule mtoto mchanga. Bibi yake ana hoja nzuri. Anasema, "Mama yangu hakuiba jina hilo. Aibu si yake, ni ya waliomuuza mtu. Tukilificha jina, tumemficha na yeye." Tena anasema, "Mbona mnawaita watoto Abdallah? Katika Kiarabu neno *abd* ni mtumwa, na Abdallah ni mtumwa wa Mungu. Mtumwa wa Mungu hana aibu."

Mama wa mtoto naye ana hoja. Anasema, "Wenye majina hayo walipopata nafasi waliyavua. Kwa nini mimi nimvike mwanangu nguo waliyoitupa wao?" Tena Waislamu wanajua kwamba Mtume alimbadilishia mwanamke mmoja jina la Asiya, lenye maana ya mwenye kuasi, akamwita Jamila, yaani mzuri. Kubadili jina baya si jambo jipya, wala si kuwadharau wazee.

Maoni yangu ni haya. Tusiyaweke majina yote ya zamani katika kapu moja. Baraka ni jina lililowahi kupewa watumwa, lakini leo Waislamu na Wakristo huwaita watoto wao Baraka, na hakuna anayeuliza habari ya utumwa. Maana ya neno ilikuwa njema, ikaishinda aibu iliyobandikwa juu yake. Kama babu yenu aliitwa Mabruki, mwiteni mjukuu wake Mabruki bila hofu. Maneno hugeuka. Hata neno *muungwana* zamani lilikuwa na maana ya mtu asiye mtumwa. Leo twasema fulani ni muungwana kwa sababu ya tabia yake, hata kama hatujui babu yake ni nani.

Lakini jina la Mtumwa ni jambo jingine. Halisemi neno jema lililopakwa matope. Lasema dhuluma yenyewe. Kwangu mimi, mtoto apewe jina jingine, na bibi apewe heshima yake kwa njia nyingine. Kwa mfano, mtoto aitwe Siti. Naye akikua aambiwe waziwazi, "Mama mzaa bibi yako aliitwa Mtumwa. Aliishi hivi na hivi, na sisi tumetoka kwake." Hivyo mnyororo haukatiki.

Wewe huenda una maoni mengine, nayo ni haki yako. Kabla ya kuamua, wakusanye wazee uwaulize mambo matatu. Kwanza, ni nani aliyempa marehemu jina hilo, mzazi wake au bwana wake? Pili, yeye mwenyewe alilipenda, au alilivumilia tu? Tatu, mtoto akiulizwa shuleni maana ya jina lake, atakuwa na jibu la kusema bila kuinamisha kichwa? Mzee akiulizwa kwa adabu hakasiriki. Mara nyingi hufurahi kwamba yuko mtu anayetaka kujua.

Na jambo la mwisho, ndugu zangu. Akina Bombay na Mabruki hawakuandika majina yao katika vitabu. Waliandikwa na wengine, kama wale wengine walivyopenda. Ninyi sasa mnajua kuandika. Andikeni ninyi wenyewe habari za majina ya jamaa zenu, kabla wazee hawajaondoka nazo.

Maneno ya kuandika ubaoni: mtumwa, muungwana, ukoo, mkataba, dhuluma, kurithi.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini mabwana waliwapa watumwa majina mazuri kama Mabruki na Almasi?
2. Kuna tofauti gani kati ya mkataba wa mwaka 1873 na sheria ya mwaka 1897?
3. Siti aliacha jina la Mtumwa, lakini hakuacha jina la baba yake. Mnafikiri ni kwa nini?
4. Kati ya bibi na mama wa mtoto, wewe unakubaliana na nani? Toa sababu.

Kazi ya nyumbani: Mwulize mzee mmoja wa nyumbani kwenu habari za jina lake. Nani alimpa, na kwa nini? Andika mistari mitano, uilete darasani.

Kwa leo somo letu limekwisha. Kwaherini, ndugu wanafunzi.