Kiwele Kinapokauka: Maziwa na Mifugo ya Bunia

Ufugaji wa ng'ombe katika nyanda za juu kati ya mji wa Bunia, mkoani Ituri mashariki mwa Kongo, na Ziwa Albert ulikuwa mkononi mwa jamii ya Wahema tangu kabla ya ukoloni. Ng'ombe wa asili wa huko ni vigumu kukamwa bila ndama. Ndama huletwa, hunyonya kidogo hadi maziwa yashuke, kisha huvutwa pembeni na kufungwa mbele ya mama yake wakati mkamaji akifanya kazi. Mwishoni huachiwa yaliyobaki. Ndama akifa, mara nyingi mama hubania maziwa, na siku chache baadaye kiwele hulegea.

Enzi ya Wabelgiji ilileta hesabu mpya. Machimbo ya dhahabu ya Kilo na Moto yalihitaji chakula kwa vibarua wake, na taasisi ya utafiti wa kilimo INEAC, iliyoanzishwa mwaka 1933, ilifanya kazi Nioka, kaskazini mwa Bunia, ambako ng'ombe wadogo aina ya zebu wa Lugware walichunguzwa. Ufugaji wa kitaalamu ulikuja na kanuni ya kumkausha ng'ombe takriban siku 60 kabla ya kuzaa. Wafugaji wa zamani waliujua ukaukaji wa kiwele kwa macho na mikono. Sababu ya ukaukaji huo imo ndani ya seli.

Seli ya kiwele kinachotoa maziwa ina ulafi wa ajabu. Kwa kila lita moja ya maziwa, damu ya lita 400 hivi au zaidi hupita kiweleni, na sehemu kubwa ya glukosi ya mwili huishia humo kutengeneza laktosi, yaani sukari ya maziwa. Kukamwa kukikoma, maziwa hujaa na kukandamiza, na milango ya kuingizia glukosi hupungua. Utengenezaji wa mafuta na laktosi hushuka. Seli huanza kumeng'enya matone ya mafuta yaliyobaki pamoja na sehemu zake zenyewe; nyingi hufa, na seli za mafuta zilizokuwa zimenywea hujaa tena. Kwa panya, mabadiliko haya hurudishika kwa siku mbili hivi za mwanzo. Kwa ng'ombe huenda polepole zaidi, kwa hiyo saa ya panya isitumike zizini bila uangalifu.

Vita vya Ituri, vilivyoanza katika eneo la Djugu mwaka 1999 kwa ugomvi wa ardhi na kuendelea hadi 2003, viliwafukuza zaidi ya watu 500,000 kwenye makazi yao. Ng'ombe waliporwa au kuswagwa mbali, na ndama wakatengana na mama zao. Machafuko yalirudi tena mwishoni mwa 2017. Wezi hawakuhitaji kumchinja ng'ombe ili kuua maziwa yake. Kumtenga na ndama na mkamaji kulitosha. Aliyekauka kabisa hukamwa tena baada ya kuzaa tu, na mimba ya ng'ombe ni ya miezi tisa.