Msitu Uliookolewa na Wachoraji

Mwaka 1847 mchoraji Théodore Rousseau alikuwa akichora miti ikiangushwa katika kisiwa cha Croissy, kwenye mto Seine. Picha hiyo, ambayo hakuimaliza, aliiita Mauaji ya Watoto Wasio na Hatia. Kila Mfaransa wa wakati ule alijua jina hilo linakotoka: Injili ya Mathayo, pale Herode anapoamuru watoto wa Bethlehemu wauawe. Lakini wauaji wa Rousseau ni wakata miti, na wanaouawa ni miti.

Ulikuwa ujasiri mkubwa. Kwa wachoraji Poussin na Claude Lorrain, karne mbili nyuma, msitu ulikuwa pazia tu; mbele yake walisimama miungu ya Kiyunani au watu wa Biblia, na maana ya picha ilikuwa yao. Hata tuzo ya mandhari iliyotolewa kwa mara ya kwanza Paris mwaka 1817 ilidai picha iwe na kisa cha kale ndani yake. Rousseau alimwondoa shujaa, nafasi yake akaupa mti. Mialoni yake ina vifundo, magome yaliyopasuka na matawi makavu, na kila mmoja una sura yake, kama mzee anayefahamika kijiji kizima. Kuanzia 1836 hadi 1841, Salon, maonyesho rasmi ya sanaa ya Paris, yalimfungia mlango, naye akaacha kupeleka picha huko hadi baada ya mapinduzi ya 1848.

Msitu wa Fontainebleau, kusini mashariki mwa Paris, alikochora mialoni yake, nao ulikuwa hatarini. Idara ya misitu ilikata mialoni ya kale na kupanda misonobari, inayokua upesi. Wachoraji waliokuwa wamehamia kijiji cha Barbizon, pembeni mwa msitu, waliona uharibifu huo kila walipotoka na rangi zao.

Rousseau akapeleka ombi kwa serikali ya Napoleon III. Mwaka 1853 zikatengwa hekta 624, na mwaka 1861 amri ya kifalme ikafikisha eneo hilo hekta 1,097. Hiyo ni miaka 11 kabla ya Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone ya Marekani, na inastahili kukumbukwa zaidi, maana hoja iliyoshinda haikuwa mbao wala wanyama wa kuwinda. Ilikuwa uzuri, na sehemu hizo zilitengwa kwa jina la sanaa.

Kufikia hapo miti mingine ilikwisha kupewa majina ya wachoraji. Mwaka 1865 kijana Claude Monet aliuchora mmoja, Mwaloni wa Bodmer, ulioitwa hivyo kwa heshima ya Karl Bodmer, Mswisi aliyeuchora kabla yake.