Miruko Ambatano na Mfuatano wa Miruko

Mchezo wa kuteleza kwa madoido kwenye barafu una istilahi mbili ambazo mtafsiri mwenye haraka huzitia kapu moja. Mtelezaji akiruka mara mbili au tatu papo kwa papo, tunaambiwa ni "miruko mfululizo". Mwingine akifanya jambo linalofanana na hilo lakini lenye kanuni nyingine, tunaambiwa tena ni "miruko mfululizo". Anayetazama Olimpiki ya majira ya baridi kwenye simu hapa Dzaleka, Malawi, hubaki hajui kwa nini karatasi ya matokeo imemwandikia wa pili alama SEQ na wa kwanza haikumwandikia kitu.

Malawi haina uwanja wa barafu. Kwa Waswahili, ulio maarufu ni ule wa hoteli ya Panari jijini Nairobi, uliofunguliwa mwaka 2005. Mchezo wenyewe, basi, huku tunaujua kwa maneno na picha tu, na maneno yakiwa mabovu hakuna pa kwenda kujionea. Tena Dzaleka, gereza la kisiasa la zamani wilayani Dowa lililogeuzwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, ina watu zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni na kanisani, lakini kila mmoja amekuja na cha kwao. Ukishuka Lilongwe unakuta Kichewa na Kiingereza, kwa hiyo huko hutapata istilahi ya kuazima. Neno linalotufaa ni lile ambalo mtu wa Uvira na mtu wa Bujumbura watalielewa bila kufunua kamusi.

Tuanze na miguu. Watelezaji wengi huzungukia kushoto, na hao hutua kwa mguu wa kulia, wakienda kinyumenyume, uzito ukiwa kwenye ukingo wa nje wa chuma cha kiatu. Miruko sita mikuu (tolupu, lupu, Salchow, flipu, Lutz na Axel) yote hutua hivyo. Tofauti zake zimo katika kuondoka. Tolupu na lupu huondokea pale pale mtu anapotua: mguu ule ule, ukingo ule ule. Ndiyo maana mara nyingi hiyo ndiyo huwa miruko ya pili. Salchow na flipu huondokea mguu wa kushoto, kwa hiyo mtelezaji hupachika katikati kamruko kadogo kaitwako Euler, kanakomtua kwenye mguu huo. Hapo hapajakanyagwa hatua yoyote. Ni mruko juu ya mruko.

Axel ina mambo yake. Imepewa jina la Mnorwei Axel Paulsen, aliyeiruka mwaka 1882, na ndiyo pekee ambayo mtu huondoka akitazama mbele, kwa mguu wa kushoto. Aliyetua kinyumenyume kwa mguu wa kulia hawezi kuiingia moja kwa moja. Lazima ageuke na kukanyaga hatua moja, kutoka mstari wa kutua hadi mstari wa kuondokea. Hatua hiyo moja ndiyo inayozitenga istilahi zetu mbili.

Asiye na barafu anaweza kujaribu chini. Chora miraba mitatu kwenye udongo mwekundu wa Dzaleka, kama wachoravyo watoto. Ruka kwa mguu wa kulia, tua kwa huo huo, na papo hapo ruka tena kwa huo huo. Sasa rudia, lakini baada ya kutua kanyaga kwa mguu wa kushoto, ndipo uruke. Mwili wenyewe utakuambia kwamba umefanya mambo mawili.

La kwanza naliita miruko ambatano. Kila aliyesoma sarufi ya Kiswahili amekutana na sentensi ambatano, na anajua kwamba vilivyoambatana vimeshikana. La pili naliita mfuatano wa miruko: anayefuata yuko nyuma ya mwenzake, lakini anatembea kwa miguu yake. "Mfululizo" naliacha kwa sababu linadokeza jambo lisilokatika, ilhali istilahi hii ya pili inahusu hasa pale panapokatika kwa hatua.

Tofauti hii ina bei. Lutz ya mizunguko mitatu ina thamani ya msingi 5.90, na Axel ya mizunguko miwili 3.30, jumla 9.20. Hadi 2022 mfuatano ulizidishwa kwa 0.8, na mtelezaji aliondoka na 7.36. Msimu wa 2022/23 Shirikisho la Kimataifa la Kuteleza lilifuta makato hayo na kuruhusu mfuatano wa miruko mitatu, mradi wa pili au wa tatu, au yote miwili, iwe Axel. Programu fupi hudai miruko ambatano. Mfuatano nafasi yake ni programu ndefu.

Kuna pia kanuni ya kurudia, inayohusishwa na Mmarekani Elaine Zayak, aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 1982 akiirudia mno tolupu ya mizunguko mitatu. Siku hizi mruko wa mizunguko mitatu au minne haurukwi zaidi ya mara mbili katika programu ndefu, na ukirudiwa, angalau mara moja lazima uwe ndani ya miruko ambatano au mfuatano. Ukirukwa peke yake mara zote mbili, wa pili hupata asilimia 70 tu ya thamani yake.

Kwa faharasa, basi, iandikwe hivi. Miruko ambatano: miruko miwili au mitatu inayoshikana bila hatua kati yake. Mfuatano wa miruko: miruko miwili au mitatu ambamo Axel huingiwa kwa hatua moja kutoka mruko uliotangulia. Mtangazaji akishasema "Lutz ya mizunguko mitatu, Axel ya mizunguko miwili, mfuatano", msikilizaji atajua kwamba mguu umebadilishwa, na SEQ kwenye karatasi haitamsumbua tena.